Tulivyomkimbiza Maalim Mbarak na Upanga Wake

Kwanza hiki kidole. Tangu nirudi, kila anayenipa mkono anauliza nimefanya nini hata kidole gumba cha kushoto kikavimba namna hii na ukucha ukawa mweusi. Wa ofisini nimewaambia ni mlango wa gari. Lakini nyinyi wenzangu wa barazani hamkubali mlango wa gari, na siku tatu mmenishika shati mnataka mkasa wote. Haya, nauandika mara moja, nisije nikausimulia mara nane huku Rashidi akinikatiza kila ninapofika patamu.

Baba yangu mnamjua. Mnajua kwamba tangu apigwe na kiharusi upande wake wa kulia haumtii, na kutwa anakaa kwenye kiti pale uani. Msilolijua ni kwamba kule Tabora, kabla hatujarejea Oman, alikuwa akifundisha upanga. Nilipokuwa na miaka saba alinisimamisha nyuma ya duka letu, fimbo ya mpera mkono wa kulia na kifuniko cha sufuria mkono wa kushoto, akanifundisha mchezo wa kwao Ibra. Katika mchezo huo humpigi mtu kichwani wala kifuani. Unatafuta kidole gumba cha mkono wake wa ngao, kile kinachojificha nyuma ya ukingo. Ukikigusa umeshinda, naye hushusha ngao na mambo yamekwisha. Miaka yote ile sikuwahi kukigusa kidole cha baba. Kila nilipokikaribia alitupa fimbo chini, akasema, "Basi kwa leo," akaingia dukani bila kunitazama.

Mwezi uliopita aliniita akanieleza sababu. Upanga uliolala chini ya kitanda chake maisha yangu yote, umezongwa kanga, haukuwa wake. Ulikuwa wa mwalimu wake, Maalim Mbarak wa Ibra, na baba ndiye mwanafunzi wake wa kwanza. Siku ya Idi, walipokuwa wakicheza mbele ya mji mzima, baba alikiona kidole cha mwalimu kimetoka nje ya ngao, akakipiga kabla hajafikiri. Damu ikamwagika, ukucha ukaruka. Na mwanafunzi kumgusa mwalimu kidole, kwa watu wale, ni kumvua nguo hadharani. Maalim akashusha ngao, akainamisha kichwa, hakutamka neno. Baba akatimua mbio na upanga mkononi mpaka Sur, akapanda chombo cha kwanza kwenda Unguja. Baadaye akasikia Maalim amefika Unguja anamuulizia, akahamia Bagamoyo. Akasikia yuko njiani Bagamoyo, akaingia Tabora. Hivyo ndivyo mimi nilivyozaliwa Tabora, na sikuwa na habari.

"Nimesikia yu hai," baba alisema, maneno yakimtoka nusu nusu. "Mrudishie upanga wake. Muulize kama amenisamehe. Siwezi kwenda na hili."

Nilimwambia aache maneno ya kwenda, lakini kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kutafuta gari.

Maskati hadi Bidbid

Gari ni pikapu ya Rashidi, binamu yangu aliyekulia Bujumbura, ambaye siku hizi ana biashara ya kujenga nyumba na hana subira hata ya kungoja chai ipoe. "Ibra ni masaa mawili, simpo tu," alisema. "Tunampa mzee upanga wake, tunasaini, tunarudi. Kesho uko ofisini." Nikaomba ruhusa ya siku moja. Safari ilituchukua siku nne.

Tulisimama Bidbid, pale barabara ya Nizwa inapoachana na ya Ibra na Sur. Kuna mkahawa wa Mhindi mmoja wa Kerala, chai yake nzito na mkate wake wa mafuta unaunguza vidole. Nilikuwa nimeupakata upanga mapajani, nimejawa na furaha ya ajabu, maana sijasafiri na jambo la maana namna hii tangu nioe. Rashidi aliniuliza nitasema nini tukifika. Nikafanya mazoezi ya salamu pale pale mezani, kwa Kiarabu changu cha Tabora, mpaka Mhindi akaja kuuliza kama chakula kina kasoro.

Ibra

Nyumba ya Maalim tulionyeshwa mara moja, maana Ibra nzima inamjua. Akatupokea mpwa wake, Bi Zuwena, bibi wa miaka sabini hivi, aliyekulia Unguja mjini na Kiswahili chake bado kina utamu wa kule.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Tafadhalini, piteni. Mmetoka Maskati na jua hili? Kaeni kwanza, Maalim hayupo."

Nilimuuliza kama amelazwa hospitali. Akanitazama kwa mshangao. "Alazwe na nani? Maalim hakai, mwanangu. Themanini na ushei, na kila ikikaribia Idi watu wanamwita huku na huku akawafundishe vijana wao. Sasa hivi yuko Sur. Wallahi hata nguo zake sizioni nikazifua."

Alituandalia mkate wa kumimina na chai ya maziwa yenye iliki. Nilikula vipande vinne, Rashidi vitano, ingawa atakataa. Huku tukila alitusimulia habari za Maalim. Alianza upanga akiwa mdogo hata ngao ikimburuza. Akaja kuwa mwalimu wa kuogopwa, si kwa upanga bali kwa masharti. Kijana akija kutaka kujifunza, Maalim humuuliza amegombana na nani. Akitaja jina, huambiwa akamwagilie mitende ya mtu huyo siku arubaini, ndipo arudi ashike fimbo. "Nusu yao hawarudi," alisema Bi Zuwena. "Wamekwisha kuwa marafiki, upanga wa nini tena?"

Nikaona wakati umefika. Nikamtajia jina la baba yangu, Said, na mwaka aliokimbia.

Kikombe chake kilitua kwenye kisahani kwa kishindo. "Said? Said yule aliyekimbia? Wewe ni mwanawe?"

"Naam, Bibi. Nimekuja kumwombea msamaha."

Akajifunika uso kwa ukaya wake, mabega yakawa yanamtikisika. Nikaona ndiyo yale niliyoyahofia, kwamba aibu ya siku ile bado inawaliza mpaka wapwa. Nilimsihi aniambie Maalim amesema nini juu ya baba. Akatikisa kichwa bila kujifunua. "La, mwanangu. Hilo si langu. Atakwambia mwenyewe."

Nilitoka pale moyo umezama. Tulilala kwa jamaa wa Rashidi, na alfajiri tukaelekea Sur.

Wadi iliyotufunga

Si mbali sana baada ya kuuacha mji nyuma, mvua iliyonyesha milimani ilituwahi. Wadi, lile bonde ambalo siku zote hupita kavu magari yakitimua vumbi, lilikuwa limejaa maji mekundu yanayobeba matawi. Magari yalipanga foleni upande wetu na upande wa pili. Rashidi alishuka kupima kina kwa fimbo, fimbo ikachukuliwa.

Tulikaa pale karibu masaa matano. Jirani yetu kwenye foleni alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Adam, mtu mnene mwenye kicheko, mwenye gari la mbuzi waliokuwa wakimlalamikia muda wote. Alitandika mkeka kivulini mwa gari, akatoa tende za kwao, mtindi na mkate, akawaita watu wote kumi tuliokuwa hapo. Sikuelewa zaidi ya nusu ya maneno yake, lakini tende zake hazikuhitaji mkalimani.

Sasa sikilizeni hili. Ng'ambo ya maji, juu ya lori lililobeba mabomba, kulikuwa na mzee mwembamba wa ndevu nyeupe. Kwa kuchoka kungoja akaanza kucheza na bakora yake. Aliirusha juu, ikazunguka mara tatu, akaidaka kwenye mpini bila kuangalia. Pande zote mbili tukapiga makofi. Akarusha tena, safari hii akiwa amegeuka. Nilichachawa kwa furaha, nikasahau msiba wangu wote. Nikaukimbilia upanga garini, nikaufungua kanga, nikampungia kwa nguvu zangu zote, jua likimeta juu ya ubapa wake. Mzee akasimama ghafla. Akakinga macho kwa kiganja, akanitazama kitambo.

Mara mtu akapiga kelele kwamba maji yamepungua, na kila dereva akaruka garini mwake. Tulipishana na lori katikati ya wadi, maji yakirukia vioo. Mzee alikuwa amesimama nyuma, akinipigia ukelele na kunionyesha fimbo. Nikampungia mkono, nikamwambia Rashidi, "Ona wazee wa huku wanavyojua kufurahi."

Sur

Sur tulifika alasiri. Mwenyeji wa Maalim alikuwa Salum, muuza nyavu, mtoto wa manahodha ambao zamani walizijua Unguja na Lamu kuliko Maskati. Nilipiga hodi. Kabla hata mlango haujafunguka nilikuwa nimeshautoa upanga kwenye kanga, nionekane kwamba sikuja na maneno matupu.

Salum akafungua. Akautazama upanga, akanitazama mimi, akasema, "Khalas. Karibu." Akamgeukia mtu uani akamtuma ngoma. Nami nikafurahi! Nilimnong'oneza Rashidi kwamba watu wa Sur wanajua kupokea wageni. Wanaume wakajaa nje, ngoma zikaanza, nami nikajitikisa kidogo na upanga wangu kuonyesha adabu. Wakaguna wote pamoja. Salum akatoka na upanga wake na ngao mbili ndogo za ngozi, moja akanipa mimi.

"Bismillah," akasema.

Hapo ndipo Rashidi aliponivuta kanzu. "Khalfan, hawa hawatupokei. Hii ni fait, mapigano!"

Kumbe kusimama mlangoni kwa mwalimu wa upanga na upanga ulio wazi ni kumtaka mchezo mbele ya watu, na mwalimu asipokuwepo mwenye nyumba husimama badala yake. Nilitaka kueleza, lakini ngoma zilikuwa zimepanda, na nikwambieni ukweli, damu ya baba nayo ilinipanda. Nikainua ngao. Nikakumbuka miguu, nikakumbuka mabega, nikakumbuka kila alichonifundisha nyuma ya duka isipokuwa kimoja. Sijahesabu tatu, ubapa wa upanga wa Salum ukatua kwenye kidole gumba changu.

Kelele nilizopiga nadhani zilisikika bandarini. Nikashusha ngao. Wote wakapiga makofi, Salum akanikumbatia kama ndugu.

"Mwalimu wako hakukufundisha kuficha gumba?"

"Alinifundisha."

"Wewe ukafanya nini?"

"Nilisahau."

Alicheka hadi akakaa chini. Mkewe akaniletea bakuli la maji ya barafu nikatumbukiza kidole, na kwa mkono uliobaki nikala wali na changu wa kukaanga na pilipili ya ndimu, chakula kitamu kuliko vyote vya safari ile. Kisha nikamweleza Salum kila kitu. Naye alipolisikia jina la baba akageuza uso ukutani, mabega yakamtikisika, akasema maneno yale yale ya Bi Zuwena, "Atakwambia mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka leo asubuhi, wamemwita Nizwa. Amepanda lori la mabomba. Lazima mmepishana naye wadini."

Rashidi aliweka kijiko chini. Mimi nilijitia kidole kibovu mdomoni, na maumivu yake sitaki kuyaeleza.

Bidbid tena, halafu Nizwa

Kesho yake tulirudi njia yote, Ibra bila kusimama, mpaka Bidbid. Yule Mhindi alituletea chai kabla hatujakaa. Mzee wa ndevu nyeupe na bakora? Ndiyo, alipita jana jioni, akanywa vikombe vitatu, akawauliza wateja kama wameona pikapu ya buluu yenye mtu mwenye upanga. Rashidi akatoka nje akaipiga teke pikapu yake ya buluu.

Nilianza kuogopa kweli. Mzee aliuona upanga wake mikononi mwangu, na sasa ananiulizia njiani kama alivyokuwa akimuulizia baba Unguja. Nilimwambia Rashidi huenda ni bora nimwachie Bi Zuwena upanga nirudi nyumbani.

"Halafu umwambie nini Baba mkubwa?" Rashidi aliniuliza, naye si mtu wa maswali mazito. "Kwamba na wewe umekimbia?"

Tukaingia barabara ya Nizwa.

Nizwa tulifika sokoni, tukaambiwa amelala hapo na asubuhi amechukuliwa Birkat al-Mauz, kijiji tulichokuwa tumekipita njiani. Rashidi alitaka kulia. Muuza halua mmoja alituhurumia, akatulisha halua ya moto kwenye kipande cha jani na kahawa chungu, akatuambia tusikimbie tena, maana mzee amesema atakaa kule mpaka kesho. Tulilala Nizwa.

Birkat al-Mauz

Tulimkuta kwenye bustani ya migomba chini ya mlima, maji ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, yakipita miguuni pake. Vijana kama kumi walikuwa wamepanga mstari na fimbo zao. Alikuwa yeye, mzee wa juu ya lori. Alituona, akawaambia vijana wapumzike, akaja moja kwa moja mpaka pua yake ikakaribia kugusa kifua changu.

"Wewe ndiye uliyeupunga upanga wangu kama mtu anayepalilia muhogo," alisema kwa Kiswahili safi cha Unguja.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Mtoto wa Said?"

Nilimkabidhi upanga kwa mikono miwili, nikayasema maneno niliyoyafanyia mazoezi siku nne: kwamba baba yangu ni mgonjwa, kwamba anakiri kosa lake, kwamba anaomba msamaha kabla hajaondoka duniani.

Maalim hakuupokea. Aliinua mkono wake wa kushoto akanionyesha kidole gumba. Hakina ukucha, ngozi yake laini na nyeupe.

"Said amekwambia kwamba hiki kilitoka chenyewe?" aliuliza. "Mimi, Mbarak, kidole kinitoke nje ya ngao kwa bahati mbaya?"

Sikuelewa. Akakaa ukingoni mwa falaji, akanikalisha karibu naye, akanieleza taratibu. Kwao, kidole cha mwalimu hakiguswi mpaka siku mwalimu mwenyewe aone mwanafunzi amekamilika. Siku hiyo hukitoa nje ya ngao makusudi, bila kumwambia, kwani ni jicho linalopimwa. Mwanafunzi akikigusa, mwalimu hushusha ngao na kuinamisha kichwa mpaka ngoma zikome, kisha humvisha ngao ile mkononi. Tangu hapo na yeye ni mwalimu.

"Niliinama nangoja ngoma zikome," alisema Maalim. "Nainua kichwa nimpe ngao, simwoni! Watu wananiambia, Said kapita pale anakimbia. Nikamfuata Sur, chombo kimetweka. Nikamfuata Unguja, kaenda Bagamoyo. Nikamfuata Bagamoyo, kaingia bara. Nikasema ya Rabbi, mtu huyu nampelekea zawadi, ananikimbia kama namdai roho!"

Rashidi alianza kucheka, na hapo ndipo nilipoyaelewa mabega ya Bi Zuwena na ya Salum. Ibra nzima imekuwa ikikicheka kisa hiki kwa miaka hamsini, na mtu mmoja tu alikuwa akikililia. Mimi sikuweza kucheka. Nililia, sioni haya kusema, mbele ya wale vijana wote.

Maalim akaniuliza kama baba alifundisha wengine. Nikamwambia ndiyo, mimi na wengi Tabora, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kufunguliwa kidole. Mzee akatazama maji.

"Hilo ni kosa langu," alisema. "Alikuwa wa kwanza, hakuwahi kuona likifanywa. Nilidhani mwanafunzi hodari huelewa bila kuambiwa. Tangu yeye, wote nawaambia siku ya kwanza kabisa."

Kisha akafungua mfuko wake wa safari, akatoa ngao ya siku ile. Ilikuwa ndogo, ya ngozi ngumu iliyong'aa kwa kushikwa. Miaka yote amekuwa akiichukua kila anakokwenda. Akaniwekea mkononi, juu yake upanga.

"Vilikuwa vyake vyote viwili. Mpelekee. Na mwambie Idi hii namngoja Ibra, aje hata kwa kubebwa. Mimi nimemfuata, inatosha. Sasa zamu yake."

Nyumbani

Baba alikuwa kwenye kiti chake pale uani. Hakuuliza habari za njia. "Amesamehe?"

Nikamwekea ngao mapajani. Nilimsimulia yote, na nilipofika pale Maalim alipoinua kichwa asimwone mtu, sauti ilimtoka baba ambayo sikuijua kama ni kicheko au kilio, kwa mdomo ule unaofanya kazi nusu. Alikaa akiipapasa ngozi ya ile ngao muda mrefu sana. Halafu akaniagiza bakora iliyokuwa pembeni ya mlango.

Akapitisha mkono wake wa kushoto kwenye mshikio wa ngao. Mkono huo, alhamdulillahi, kiharusi hakikuugusa. "Simama," akasema.

Nikasimama mbele yake na bakora, kidole changu kimefungwa kitambaa. Akaipeleka ngao kulia na kushoto, polepole, kidole kimejificha kama siku zote. Kisha kikatoka nje ya ukingo, kikabaki pale. Nimekitafuta kidole kile tangu nina miaka saba, na siku hiyo mkono wangu ulikataa kwenda.

"Piga," baba alisema. "Piga, halafu usikimbie."

Nikakigusa. Akashusha ngao, akainamisha kichwa, nami nikabaki pale pale.